Uchungu wa Mwana Aujuaye Mzazi

Kitengela, kaunti ya Kajiado, mwanamke akijifungua hubadilishwa jina. Muuza mboga, mwenye ploti, hata kinyozi wa jirani humwita Mama Brayo au Mama Shiru. Aliyekaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto hubaki na jina lake la ubatizo, na kila akiitwa mbele za watu ni kama ametangazwa. Jumapili kwenye chama, mtoto mchanga hupita paja hadi paja; akifika kwake, kuna anayenyoosha mikono mapema kumpokea. Mchango wa kumwona mtoto hautumi kwa kuchelewa, ila zamu yake haifiki. Na siku akithubutu kutia neno kuhusu malezi, anarushiwa methali: uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Uchungu hapa una sura mbili: ule unaomshika mja mzito, na ule wa moyo unaofuata maisha yote. Methali inafundisha kwamba maumivu hujulikana kwa kuyapitia, si kwa kusimuliwa, na kwa hiyo mtu baki asiyachukulie mepesi. Basi kisu hiki kina makali pande zote. Machungu ya kukosa, je, ayajuaye nani? Mama mkwe anayeuliza mjukuu ataletwa lini hajawahi kuhesabu siku za mwezi akiomba hedhi isije.

Hata chanzo chenyewe hakijulikani kwa kumtazama mtu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba maishani; nao madaktari hukadiria kuwa katika karibu nusu ya visa mwanamume naye ana mchango. Lakini anayeonekana kliniki peke yake, faili mkobani, ni mke. Kule Masii, Machakos, Julai 2016, mume alimkata mkewe mikono yote miwili kwa sababu ya kukosa mtoto. Mke alieleza kuwa uchunguzi wa hospitali ulikuwa umeonyesha tatizo ni la mume.

Wapo wanaokimbilia makesha, wapo wa mitishamba. Watoto wa kwanza wa mimba ya kupandikizwa nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006, ila gharama ni mamia ya maelfu ya shilingi, na mshahara wa kiwandani Athi River haufiki huko.

Wamaasai wa Kajiado walikuwa na njia yao, na pengine ndiyo inayoifasiri methali vizuri zaidi. Kwa Kimaasai, osotua ni kiungamwana, kile kinachomfunga mtoto na mamaye tumboni. Neno hilohilo ni udugu wa kupeana na kusaidiana. Mke asiyejaliwa aliweza kupewa mtoto na mke mwenza, amlee, aitwe mama. Si kwamba kidonda kilipona. Wapo waliolia kimyakimya hata hivyo. Lakini mtoto huyo akishikwa na homa usiku, aliyekesha kitandani pake akimkanda kwa kitambaa chenye maji alikuwa yeye.