TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 7: Ile picha ya mwezi niliyokutumieni



Ndugu yangu mfungaji, dada yangu mfungaji, leo nina deni kwenu, na nataka nililipe kabla Ramadhani haijafika katikati.

Mwaka jana, siku kama hizi, nilikutumieni humu humu picha ya uso wa mwezi wenye ufa mrefu ulionyooka. Maelezo yake yalisema wanasayansi wa Marekani wamepaona mahali mwezi ulipopasuka zama za Mtume wetu ﷺ. Nami nikaongeza "Allahu Akbar" tatu nikaisukuma mbele. Baada ya siku mbili ikanirudia kutoka kwa ndugu yetu aliyeko Maskati, na maneno yangu yamo, utadhani ni mimi niliyeugundua huo ufa. Nilifurahi, sitaficha.

Picha ile ni ya kweli. Maelezo yake si ya kweli. Tafadhali soma mpaka mwisho, maana najua wapo ambao moyo umeshaanza kwenda mbio.

Kupasuka kwa mwezi tunakuamini kwa Surat al-Qamar na kwa hadithi sahihi zilizomo ndani ya Bukhari na Muslim. Waliotangulia waliamini hivyo karne nyingi kabla kamera haijatengenezwa. Basi picha ikiondoka, hakuna tofali lililong'oka kwenye imani yako. Ufa huu haushuhudii muujiza ule wala haukanushi. Ni ufa tu, nao una habari yake.

Jina lake ni Rima Ariadaeus. Upo karibu na katikati ya uso wa mwezi tunaouona sisi. Picha iliyosambaa ilipigwa mwaka 1969 na wanaanga wa Apollo 10, ambao waliuzunguka mwezi na kurudi bila kutua. Lakini siku hizi kuna picha kali zaidi ya ile. Mwaka 2009 Marekani walirusha chombo kisicho na mtu ndani yake, Lunar Reconnaissance Orbiter, kiuzunguke mwezi kikipita juu ya ncha zake mbili. Mzunguko mmoja ni kama saa mbili. Huku chini mwezi wenyewe unajigeuza polepole, kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja (Kiswahili chetu hapa kinachanganya kidogo, siku 27 na ushee) uso wote unakuwa umepita chini ya kamera. Kikiwa kilomita 50 juu, kamera zake kali zinachora nukta moja kwa kila nusu mita ya ardhi. Ukitandika msala wako kule, utaonekana kama nukta mbili tatu. Hata njia walizopita wanaanga kwa miguu zaidi ya miaka arobaini kabla zimeonekana, mistari myeusi kwenye vumbi.

Aliyenionyesha haya ni kijana wa msikiti wetu, mwanafunzi wa chuo. Alinijia baada ya Alasiri, akakaa nami barazani, akafungua simu. "Ustadh, hebu uangalie huu ufa, uufuate kwa kidole." Nikaufuata. Ufa ukaisha. Akaniambia niufuate upande wa pili. Nao ukaisha. Urefu wake ni kama kilomita 300, sawa na kutoka Dar es Salaam mpaka Mombasa kwa mstari ulionyooka, wakati kuuzunguka mwezi wote ni karibu kilomita 10,900. Mimi niliyesambaza picha sikuwahi hata kujiuliza ufa unaanzia wapi na kuishia wapi. Niliona kipande, nikakitolea hukumu ya mwezi mzima.

Kisha akaikuza. Kuta mbili zinakwenda sambamba, na chini kati yao ni tambarare. Kuna mahali kilima kirefu kinakuja kutoka upande mmoja, kinashuka na sakafu ya bonde, halafu kinaendelea upande wa pili. Maana yake kilima kilikuwepo kwanza, ndipo bonde likatokea na kuteremka nacho. Wanaosoma sura za sayari hufanya kazi yao hivyo: hawajafika mahali, lakini wanatazama nini kimekata nini, na kivuli kimelalia wapi, mpaka wapate mpangilio wa matukio. Hapa wanasema ukoko wa mwezi ulivutwa huku na huku, ukakatika sehemu mbili, kipande cha katikati kikadidimia.

Hapo ndipo jasho lilinitoka. Mimi ni mwalimu wa jiografia! Kila mwaka nachora Bonde la Ufa ubaoni, mishale miwili inavuta nje, kipande cha kati kinashuka. Mchoro ule ule. Ningekuwa darasani ningemwambia mwanafunzi "umekosa, rudia". Lakini picha ilikuja na maneno matamu kwa dini yangu, basi mwalimu akalala.

Usidhani ni sisi Waislamu peke yetu. Mwaka 1976 chombo cha Viking 1 kilipiga picha ya kilima huko sayari ya Mars, mwanga wa jua ukija kwa ubavu, kikaonekana kama uso wa mtu. Vitabu vikaandikwa. Mwaka 1998, tena mwaka 2001, chombo kingine kilipita hapo na kamera kali zaidi. Kikaonekana kilima. Macho na mdomo vilikuwa vivuli.

Lakini aibu yangu si kitu mbele ya alilonieleza yule kijana mwisho, akiwa ameinamisha kichwa. Aligundua kuhusu picha ile miezi mingi nyuma, chuoni, mbele ya wenzake waliomcheka. Akaniuliza: "Ustadh, kama hili halikuwa kweli, na mengine mliyotufundisha je?" Akakiri kwamba kwa muda fulani alikuwa akiswali huku swali lile linamtafuna. Hakumwambia mtu. Wala mimi sikuwahi kumuuliza mbona siku hizi anachelewa jamaa.

Ndugu yangu, mimi nilidhani naipamba dini. Kumbe nilimtolea kijana wa watu ngazi aliyokuwa amesimamia.

Mnaijua aya ya 6 ya Surat al-Hujurat, inayotuamuru kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Wafasiri wanasimulia juu ya mjumbe aliyetumwa kukusanya zaka kwa kabila fulani. Akawaona kwa mbali wametoka kwa wingi, akaogopa, akarudi na kusema wamekataa. Nao walikuwa wametoka kumlaki! Katika baadhi ya riwaya akatumwa Khalid bin al-Walid akachunguze kwa karibu, na watu wake wakasikia adhana. Kwa mbali ni jeshi, kwa karibu ni adhana. Na Mtume ﷺ ametuonya juu ya mtu anayesimulia kila anachosikia. Simu imeturahisishia mno dhambi hiyo, kidole kimoja tu.

Leo mwezi ni nusu. Ukitoka tarawehe, tazama juu upande wa magharibi. Mpaka wa mwanga na giza uko karibu na mahali ulipo ufa ule. Kwa macho hutauona, lakini mwenye darubini nzuri huupata siku hizi, kwa sababu jua la pale liko chini na vivuli ni virefu. Mwezi ukijaa vivuli vinakwisha, nao unafifia.

Ombi langu: kama bado unayo picha ile na maelezo yake, ifute. Kama uliituma kwa mtu, mtumie na ujumbe huu, na jina langu liache hapo hapo. Ndugu wa Maskati nimeshampigia mwenyewe. Kijana wetu anaswali nasi safu ya kwanza, na nimemwomba kila Jumamosi baada ya Alfajiri awafundishe vijana wa madrasa kuchunguza picha kabla ya kuzisambaza. Wiki ijayo ataleta darubini ya kuazima. Wazazi walete watoto.

Allah atusamehe tuliyoyasema bila elimu, na atutakabalie funga zetu. Kesho inshallah tutazungumzia zaka ya mali, maana maswali yamekuwa mengi.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.