Je, ni Haki Darasa Zima Kuadhibiwa kwa Kosa la Mmoja?



Mama mmoja wa mtaa wetu ametuletea swali lililomshinda nyumbani kwake, na tulipolipokea tuliona kwamba hata kwetu si jepesi. Mwanawe yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Siku moja mwalimu wao aliingia darasani akakuta ubaoni maneno ya dhihaka juu yake, yakimwigiza jinsi anavyosema, kwa maana mwalimu huyo ana kigugumizi. Akauliza ni nani aliyeandika. Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya vilevile. Basi akatoa amri kwamba darasa zima, wavulana kwa wasichana, watafyeka nyasi kandokando ya uwanja wa mpira kila siku baada ya vipindi mpaka jina litajwe. Siku ya tatu kijana alirudi nyumbani na malengelenge mikononi, akamwambia mama yake, "Mama, mimi namjua aliyeandika. Je, nimtaje?"

Mama alinyamaza. Alitaka kumwambia aseme kweli, maana ndivyo alivyomlea. Tena alijua kwamba mtoto anayepeleka majina kwa mwalimu huitwa mchongezi, na jina hilo halimtoki mpaka amalize shule. Akamwambia ale kwanza. Kesho yake akatujia.

Hapa yamo maswali mawili, na yafaa tusiyachanganye. La kwanza ni la mwalimu: je, ilikuwa haki kutoa amri ile? La pili ni la kijana: amri ikiisha kutolewa, naye akijua, afanyeje?

Tuanze na mwalimu, na tumtendee haki. Kosa alilotendewa lilikuwa kosa la kweli. Kumcheka mtu kwa ulimi wake, mbele ya watoto anaowafundisha kwa ulimi huohuo, ni ukatili, wala hatutaki mzazi yeyote aliite utoto tu. Tena ana darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati, na kipindi chake ni dakika 40. Hana nafasi ya kuwahoji mmoja mmoja kama hakimu. Mwalimu wa namna hii hutuambia, "Wote waliona, wote wakacheka, wote wakanyamaza. Anayemficha mwizi naye ni mwizi." Neno hilo lina uzito. Twajua pia kwamba wapo waliolelewa kwa adhabu za namna hiyo nao husema, "Sisi tulifyeka, na hatukufa."

Hata hivyo tuna mashaka, na mashaka yetu hayakutoka vitabuni. Sisi tunaoandika haya tulipata kufundisha, wala hatuwezi kujitakasa. Tulikuwa na kidato cha pili chenye makelele, na kila tulipotoka kwenda ofisi ya walimu tulimwachia monita karatasi aandike orodha ya wapiga kelele. Siku moja tulirudi tukapewa majina 11. Wote 11 tukawapigisha magoti nje kwenye changarawe, jua la saa saba. Kati yao alikuwamo msichana mmoja ambaye sauti yake hatukuwa tumeisikia tangu mwaka uanze, hata alipoitwa mahudhurio aliinua mkono tu. Alipiga magoti bila neno. Ilitupasa kushangaa, lakini tulikuwa na hasira, na karatasi ile tuliipokea kana kwamba imetoka mahakamani.

Miaka mingi baadaye, mmoja wa darasa lile, sasa mtu mzima mwenye watoto, alitusimulia huku akicheka. Monita alikuwa amemtaka msichana yule ampe daftari lake la hesabu anakili, naye akakataa. Kuhusu orodha yenyewe, jina lilifutwa kwa andazi moja. Bei hiyo ilijulikana na darasa zima isipokuwa mwalimu. Sisi hatukucheka. Tulikuwa tumempa kijana wa miaka 15 mamlaka ya kuadhibu, akayatumia kama ambavyo wakubwa wengi wangeyatumia.

Basi jambo la kwanza tunaloliona ni hili: mwalimu anapolitisha darasa mpaka jina litoke, hapati lazima jina la mkosaji. Hupata jina. Laweza kuwa la yule asiye na rafiki, au mgeni aliyehamia muhula huu, au mnyonge ambaye ataona heri akubali kosa si lake kuliko kuchukiwa na wenzake 60. Mwalimu atarudi nyumbani akidhani kweli imeshinda.

Sheria zetu nazo zina fikra hiyo. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi 6 shuleni, na kanuni za mwaka 2002 zikapunguza hadi 4. Kanuni hizo za 2002 zilitaka viboko viwe kwa kosa kubwa, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viandikwe katika kitabu, na ziangaliwe umri, jinsia na afya ya mwanafunzi. Hapa hatutaki kuingia katika ubishi wa kiboko chenyewe, ambacho jirani zetu wa Kenya walikipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Twataka tu mwone jinsi mwandishi wa sheria alivyofikiri: hata alipokiruhusu kiboko alitaka mtoto mmoja atazamwe, yeye na kosa lake na afya yake. Utaangaliaje umri na afya ya darasa zima? Darasa halina umri wala halina pumu. Mtoto aliye ndani yake ndiye aliye nayo, naye yuko uwanjani na fyekeo mkononi.

Tena, katika vita vyenyewe mataifa yalikubaliana jambo hili. Mkataba wa nne wa Geneva wa mwaka 1949, katika kifungu cha 33, unakataza raia walio chini ya jeshi lililoteka nchi yao kuadhibiwa kwa kosa ambalo hawakulitenda wao wenyewe, na unakataza adhabu za jumla. Hatusemi kufyeka nyasi ni sawa na kuchomewa kijiji, msitucheke. Twasema tu kwamba jambo lililokatazwa kwa askari mwenye bunduki, mwalimu asiliokote bila kufikiri. Na wasomaji wetu wanamkumbuka Ibrahimu alivyosimama kuwaombea watu wa Sodoma, akishuka kutoka 50 hadi 10, kwa kuwa hakuweza kukubali mwenye haki aangamizwe pamoja na mwovu. Hakukemewa kwa kuuliza.

Lakini ubaya ulio mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, si malengelenge. Ni kile kinachojengwa kati ya watoto wao kwa wao. Wengi wetu tuliosoma shule za bweni twakikumbuka kile kibao cha Kiingereza. Ukisikika ukisema Kiswahili au lugha ya nyumbani unavishwa wewe, nawe kazi yako siku hiyo ni kumvizia mwenzako ateleze umvishe yeye. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi katika shule yake kifungo kilivyopitishwa kwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake, na jioni aliyekutwa nacho alimtaja aliyempa, huyo naye akamtaja aliyemtangulia, mpaka wakosaji wote wa siku wakajulikana. Wala mwanzo wake si Afrika. Katika karne ya 19 baadhi ya shule za Wales, huko Uingereza, zilimtundikia mtoto kipande cha ubao shingoni kwa kusema Kiwelsh, nacho kilizunguka vivyo hivyo mpaka jioni, na aliyekutwa nacho ndiye aliyechapwa.

Watoto wale walijifunza Kiingereza, hatukatai. Walijifunza pia kwamba njia ya kujiokoa ni kumtafuta mwingine wa kumtwika mzigo. Somo hilo halimo katika mtaala, wala halina mtihani, lakini wanafunzi hulifaulu. Nasi tukishangaa leo kuona ofisini watu wakichongeana kwa wakubwa wao, tukumbuke walikofunzwa.

Sasa tuje kwa kijana na swali lake, ambalo ndilo lililomleta mama.

Wapo watakaosema upesi, kweli ni kweli, amtaje. Wapo watakaosema upesi vilevile, mwenzako ni mwenzako, asimtaje. Sisi twaona kwamba wote wawili wamekwenda mbio. Liko tofauti kubwa kati ya kusema ili mtu aokolewe na kusema ili mtu aadhibiwe. Usiku wa Machi mwaka 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos, bweni lilichomwa kwa petroli wavulana wakiwa wamelala, wakafa 67. Mtoto anayejua kwamba mwenzake ameficha petroli chini ya kitanda hana ruhusa ya kunyamaza hata usiku mmoja, naye asiogope kuitwa mchongezi. Ni hivyo hivyo kwa anayejua kwamba mdogo wa kidato cha kwanza anapigwa na wakubwa bwenini, au kwamba msichana anasumbuliwa na mtu mzima, hata kama mtu mzima huyo ni mwalimu. Hapo kunyamaza ni kushiriki, na wazazi tuwaambie watoto wetu hivyo waziwazi kabla haijafika siku yenyewe. Wengi wetu hatuwaambii. Twawafundisha kutokuchongea, kisha twalia kwa nini hawakusema.

Maneno ya ubaoni si ya namna hiyo. Yameumiza, lakini yameisha kufutwa, na jina likitajwa leo halimwokoi mtu yeyote isipokuwa kuwaondolea wenzake fyekeo. Kijana halazimiki kuwa jicho la mwalimu katika jambo kama hilo. Wala hatusemi basi akae kimya astarehe. Yeye anamjua mkosaji. Mkosaji ni mwenzake. Na wenzao 60 wanavunjika mgongo kwa ajili yake, pamoja na wale ambao hawakuwamo darasani asubuhi ile. Deni lake la kwanza ni kwa huyo mwenzake: amwendee uso kwa uso, wawili peke yao, amwambie, "Mimi najua ni wewe. Nenda mwenyewe kwa mwalimu." Ni kazi ngumu kuliko kupeleka jina ofisini, na ngumu kuliko kunyamaza.

Hayo tulimwambia mama. Naye akatuuliza, maana ni mtu wa kufikiri, "Na mwalimu je? Asipompata, aliyemtukana ameponyoka."

Ni kweli, ameponyoka. Hatukupata njia ya kulikwepa hilo. Mwalimu asiyetaka kumwadhibu asiye na kosa atalazimika mara nyingine kumwacha mwenye kosa aende zake, na hiyo ni gharama yake yeye, si ya wanafunzi. Anaweza kufuta ubao, akageuka, akawaambia kwa kigugumizi chake hichohicho kwamba maneno yale yamemuuma, kisha akaendelea na somo. Wengine watamwona dhaifu. Nasi tulipokuwa kazini tungemwona dhaifu, twakiri. Siku hizi twafikiri kwamba aliyeandika, akiwa ameketi dawati la nyuma, angesikia zaidi hapo kuliko uwanjani kati ya watu 60 wanaomlaani mwalimu pamoja naye.

Neno moja tulisahau kumwambia mama, nalo ni kwamba fomu ya kujiunga na shule, ile tunayotia saini Januari bila kuisoma, huwa na ukurasa wa sheria za mwanafunzi. Tumeziangalia tatu tulizoletewa na wazazi. Zote zaeleza mwanafunzi atafanywa nini akikosa. Hakuna hata moja isemayo lolote juu ya wasiokosa. Mama ana haki ya kwenda na fomu yake kumwuliza mkuu wa shule kwa adabu ni sheria ipi inayowapeleka uwanjani watoto ambao hawakuandika kitu, na wazazi wenzake waandamane naye, asiende peke yake.

Alirudi kwetu Jumatano. Kijana amekwisha kuzungumza na mwenzake, nyuma ya maktaba. Mwenzake alimsukuma kifuani, kisha akaketi chini. Aliomba apewe mpaka Ijumaa. Kijana amekubali, na leo mchana tulimwona akipita hapa na fyekeo begani.