Babu Mgeni na Bibi Asiyetajwa

Wako wanaouliza: Je, yafaa Mkristo kutafuta habari za wazee wake waliokufa zamani, hasa kama babu mmoja alikuwa mgeni wa Ulaya? Swali hili si la mchezo. Siku za Dola Huru la Kongo, tangu 1885 hata 1908, Mfalme Leopold II hakutumikiwa na Wabelgiji peke yao. Watu wengi wa Denmark walikuwa askari wake na manahodha wa meli za mtoni. Mmoja wao, nahodha Johannes Freiesleben, aliuawa Tchumbiri mwaka 1890. Tena Wazungu wengi wa siku zile walizaa watoto na wanawake wa nchi, kisha wakarudi kwao.

Amtafutaye babu wa Denmark ana msaada. Huko wachungaji waliandika ubatizo, ndoa na maziko ya watu wote wa parokia. Katika karne ya 19 viliandikwa vitabu viwili, wala havikuruhusiwa kulala katika nyumba moja, ili moto usiviteketeze vyote. Siku hizi kurasa zake zaonekana katika intaneti bila malipo. Ila aangalie majina. Zamani mtoto aliitwa kwa jina la baba yake: Hansen, yaani mwana wa Hans. Amri ya kuwa na jina la ukoo lisilobadilika ilitolewa mwaka 1828, na watu wa mashamba walikawia kuishika.

Lakini bibi je? Mara nyingi Mzungu ameandikwa, na mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni hana jina. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama pia. Amtafutaye babu peke yake, apate kujiona bora kuliko jirani, hatafuti jamaa, atafuta cheo.

Tazameni mfano wa ziwani kwetu. Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa, alifika Mpala, kusini ya Kalemie, mwaka 1887, ili awalinde watu na wateka watumwa. Mwaka 1888 alifunga ndoa na Agnes Atakaye, binti wa nchi hii. Hakumwacha arudi Ulaya. Alikaa huku hata kufa kwake mwaka 1927. Wana wao wawili wakawa mapadre. Basi, wajukuu wao wajua babu yao, na bibi yao pia.

Wengine hawakupata heshima hiyo. Serikali ya ukoloni iliwanyang'anya akina mama watoto chotara wengi, ikawaweka katika misioni. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017, na serikali yao mwaka 2019. Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels ilihukumu kwamba tendo hilo lilikuwa uhalifu juu ya ubinadamu. Kwa watu hao kutafuta wazazi si udadisi, ni haki yao.

Hata Matayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, aliwataja Tamari, Rahabu na Ruti, ingawa wengine wangependa kunyamaza juu yao.

Basi, anzeni kwa kuwauliza wazee wangali hai, kisha vitabu vya parokia. Jina la bibi lisipopatikana, msiifute nafasi yake. Iacheni wazi karatasini. Nanyi mnapowaombea marehemu, waombeeni wote wawili. Mungu ajua jina lake.