Masinissa Alikataa Kuwa Nyasi

Mtu akihama upande, tunampimaje? Wengi wetu tuna jibu tayari: msaliti, kesi imefungwa. Mimi pia nilikuwa hapo, hadi niliposoma habari za Masinissa.

Masinissa alikuwa mwana wa mfalme huko Numidia, Afrika Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Roma na Karthago zilipopigana vita vyao vya pili, yeye na wapanda farasi wake waliipigania Karthago kule Hispania. Jirani yake, mfalme Syphax, alikuwa rafiki wa Roma. Kisha mambo yakageuka. Mwaka wa 206 KK, Karthago ikiwa imeshindwa Hispania, Masinissa alielewana kwa siri na Scipio, jemadari wa Roma. Syphax naye akamwoa Sophonisba, binti wa jemadari wa Karthago, akahamia kwa wakwe. Yaani hawa wawili walibadilishana viti! Baadaye Syphax akamfukuza Masinissa kutoka ufalme wa baba yake.

Sasa, huyu jamaa angefanya nini? Tumezoea kusema fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Masinissa alikataa kuwa nyasi. Hapo simlaumu. Muungano usiokulinda hauwezi kukudai maisha yako.

Kinachonikwama kooni ni Sophonisba. Mwaka wa 203 KK Syphax alitekwa, na Masinissa akaingia mji wake wa Cirta. Livy anasimulia kwamba malkia alimwomba jambo moja tu: asikabidhiwe kwa Warumi, hata kama njia pekee ni kifo. Masinissa akaahidi, akamwoa siku hiyo hiyo. Scipio alipomdai kama mateka wa Roma, Masinissa alimpelekea mkewe kikombe cha sumu. Ahadi ilitimia, ukipenda kuiita hivyo. Mwaka uliofuata wapanda farasi wake walisaidia kumshinda Hannibal pale Zama.

Masinissa aliishi karibu miaka 90, mfalme mkubwa, rafiki wa Roma. Karthago ilikatazwa kupigana bila ruhusa ya Roma, naye akaimega ardhi yake kidogo kidogo. Ilipojibu, Roma ikapata kisingizio, ikauteketeza mji mwaka wa 146 KK. Miaka mia moja baadaye, Julius Caesar akaugeuza ufalme wa wazao wa Masinissa kuwa jimbo la Roma. Kumbe urafiki ule nao ulikuwa na mwisho.

Ndipo nikaona swali langu lilikuwa limepinda. Nilikuwa nauliza, alimwacha nani? Ningeuliza, nani alilipia kuhama kwake?

Nauliza kwa sababu hata mimi nimewahi kuhama. Tulikuwa wawili, tukiuza nguo mtandaoni. Mtu mwenye pesa akanitaka mimi peke yangu, nikaenda. Sababu zangu zilikuwa nzuri, na hadi leo nazitetea. Lakini deni la mzigo wa mwisho lilibaki kwa jina la mwenzangu, na sikuwahi kumuuliza alilipaje.

Kuhama si dhambi. Dhambi ni kuhama na faida, ukamwachia mwingine kikombe. Wiki hii nitampigia simu. Sitaanza na samahani. Nitaanza na deni.