Nyumba Inayobebwa na Ngamia

  

Tuitazame aqal, nyumba ya wafugaji wetu Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera. Mama ndiye anayeijenga. Mama huzipinda fito, mama huisuka mikeka, mama hukaza kamba. Malisho yakiisha, mama huifungua. Fito zinapanda mgongoni mwa ngamia, mikeka inafuata, safari inaanza. Jioni inasimama tena, mbali na jana. Nyumba ni ileile.

Ndivyo ilivyosafiri historia yetu. Haikufungiwa kabatini. Ilibebwa. Mtoto alifundishwa abtirsi, nasaba yake: jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, hadi ulimi ukazoea. Miaka ilitambulika kwa ukame wake na mvua zake. Na mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984, wajane waliyabeba vifuani miaka na miaka, kabla tume ya ukweli ya Kenya haijaketi kuwasikiliza. Tuna deni kubwa kwa akina mama hao.

Lakini mkeka usiposukwa upya, huoza. Leo ayeyo, nyanya yetu, amekaa kwenye bulla, mtaani, chini ya bati, anayajua yote, na hakuna anayemuuliza. Hilo linaniuma sana.

Basi ukitoka sokoni leo, ukitoka ofisini, ukitoka malishoni, keti kwake. Weka simu kando. Muulize: Ayeyo, mwaka uliozaliwa, mvua ilinyesha wapi?