Uso Ni wa Nani?

Mjukuu wangu mmoja, binti wa miaka 22, alianguka na bodaboda. Mguu ulipona, mkono ukapona, lakini kidonda cha shavuni kiliacha kovu lililoanzia karibu na sikio na kushuka hadi kwenye taya. Mwanzoni lilikuwa mstari mwembamba tu. Miezi ilivyopita likainuka, likawa gumu, likawa linang'aa na kuwasha, hata likavuka mipaka ya kidonda chenyewe. Siku moja alikuja kwangu, akanigeuzia shavu lile, akauliza: "Babu, ungekuwa wewe ungelitibu au ungeliacha?"

Nilimjibu upesi, kama ilivyo tabia yetu sisi tuliozeeka ubaoni. Nikamwambia kwamba uzuri wa mtu ni tabia, sura ni ganda tu. Akasema, "Asante, Babu," akanyamaza.

Kimya kile nilikuwa nimewahi kukisikia. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Katika darasa la sita alikuwamo msichana aliyeunguzwa na koroboi utotoni. Ngozi ya shavu lake ilikuwa imejikunja na kulivuta jicho kwa chini, hata halikufumba sawasawa. Wenzake walimbandika jina ambalo sitaliandika hapa. Nilipopata habari, niliwasimamisha wavulana watatu mstarini asubuhi, nikahutubia juu ya utu, kisha nikawachapa mbele ya shule nzima. Nilijiona nimetenda haki. Jioni yule msichana alikuja ofisini, akasimama mlangoni. "Mwalimu," akasema, "ukiwachapa, shule nzima inanitazama mimi." Nami nikamwambia kwamba uzuri wa mtu ni tabia. Akasema, "Asante, Mwalimu." Muhula uliofuata hakurudi, wala mimi sikwenda kwao kuuliza.

Jambo linaloniuma zaidi nilikuja kulifahamu baadaye sana. Ngozi iliyovutwa na moto namna ile huweza kulegezwa kwa upasuaji, pengo likazibwa kwa ngozi iliyochukuliwa pajani au penginepo mwilini. Na jicho lisilofumba hukauka, likapata vidonda, hata likaweza kupofuka. Mimi nilikuwa nikihubiri juu ya urembo, kumbe mbele yangu palikuwa na suala la kuona.

Sasa tujiulize: mtu anayetaka kovu lake litibiwe, je, anawashindia wale wanaomcheka? Wako wasemao hivyo, nao hawakosi hoja. Husema kwamba kosa limo katika macho ya watazamaji, basi na yatibiwe macho hayo. Ni kweli kwamba ngozi peke yake haisemi lolote. Nilipata kuwa na jirani, mzee wa Kimakonde, aliyekuwa na chale usoni mwake, zimepangwa vizuri kama mshono wa mkeka. Alichanjwa akiwa kijana, na kwao alama zile zilikuwa heshima. Alipohamia mjini watoto walimkodolea macho. Chale ni zile zile, uso ni ule ule. Kilichobadilika ni mtaa tu.

Lakini hoja hiyo ina udhaifu wake. Mzee yule alichanjwa kwa desturi ya watu wake. Mjukuu wangu aliangushwa na pikipiki. Halafu, subira ile tunamtaka aioneshe nani? Nilipopata mtoto wa jicho, hakuna hata mmoja aliyenishauri nitosheke na kuona kwa moyo. Walinichangia nauli. Meno yangu ya bandia nayo sikuyatolea maelezo kwa mtu. Na katika miaka yangu yote sijamwona mtu mwenye kovu usoni akimhubiria mwenzake kwamba sura si kitu. Mahubiri hayo aghalabu hutoka kwetu wenye mashavu laini.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wengi walioungua nyuso walipelekwa East Grinstead, mji mdogo wa Uingereza, kwa daktari Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand. Aliwapasua na kuwabandika ngozi mara nyingi, mwaka baada ya mwaka. Lakini hakuishia hapo. Aliwaruhusu wavae sare zao badala ya nguo za hospitali, akawahimiza watoke kwenda mjini, na wenyeji akawaomba wawapokee bila kuwakodolea macho. Mji ule ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho. Huyo hakuchagua baina ya uso na macho ya watu, alishughulikia vyote viwili, na hakumchapa mtu. Mimi nilikuwa na fimbo na hotuba.

Basi nilimwita mjukuu wangu tena, nikamwambia jibu langu la kwanza lilikuwa la uvivu. Tukaenda pamoja kwa daktari wa ngozi. Alitueleza kwamba kovu la namna ile huitwa keloidi, na huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi kama sisi. Kulikata tu, alisema, ni kulialika lirudi, pengine kubwa kuliko la kwanza. Iko sindano ya kulinywesha, ambayo huchomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki 4 hadi 6. Nayo huweza kuacha weupe au kuipunguza ngozi unene. Uko utando wa silikoni wa kubandika kwa miezi. Iko miale ya leza, ambayo kwa ngozi yetu yataka mkono wenye uzoefu, la sivyo huacha madoa. Na iko njia ya kuliacha kama lilivyo, ambayo aliitaja sawasawa na nyingine, bila kushusha sauti. Mwisho akasema hakuna dawa itakayolifuta kabisa. Ile mikorogo ya dukani aliikataza kwa ukali, na hapo nilimpenda.

Nyumbani maneno yalikuwa mengi. Mjomba wake alitaka tuuze ng'ombe, binti apelekwe India. Bibi yake alisema fedha hizo ni za ada. Kila mtu aliujadili uso ule kana kwamba ni shamba la ukoo, na mwenye uso ameketi pale pale akichambua mchele. Nilipomwuliza yeye anataka nini, alisema anataka kuwasha kukome, kovu lishuke kidogo, na basi. Upasuaji hautaki. Hakusema habari za wachumba, ingawa shangazi zake hawakusema lingine.

Ameshachomwa sindano tatu. Kovu limelainika na kushuka, bado linaonekana tangu mlangoni. Ya nne ni mwezi ujao. Ameniomba nimsindikize, ila nisiingie naye ndani.