Goti Lenye Udhuru

Katika sujudi mwili hugusa ardhi kwa viungo saba: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, na ncha za miguu miwili. Nilifundishwa hayo madrasa nikiwa mdogo, nikayahifadhi kama tulivyohifadhi mengi, bila kuwaza kwamba siku moja kiungo kimojawapo kingekataa. Kwenye uwanja wa gwaride goti lina kazi ya kinyume. Linapandishwa mpaka paja lilale sambamba na ardhi, kisha buti linashushwa kwa kishindo, na kishindo hicho sharti kiwe kimoja kwa kombania nzima. Msimu wangu wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) goti langu la kulia lilishindwa yote mawili, kupanda na kushuka.

Tulikuwa vijana wa mujibu wa sheria, tuliotoka kidato cha sita. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Utaratibu wa kuwachukua wahitimu kwa lazima ulisimama mwaka 1994, ukarudishwa 2013. Kwa hiyo kila mwaka maelfu ya miili iliyokaa madawatini ikikesha na vitabu hujikuta alfajiri moja iko kwenye mchakamchaka. Pumzi huzoea upesi. Gegedu na kano hazina haraka hiyo. Pia ya goti huteleza kwenye mfereji wake mbele ya mfupa wa paja, na kila unapochuchumaa au kuteremka mlima hubanwa kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Misuli ya paja ikiwa bado haijakaza, mazoezi yakiongezeka ghafla, sehemu ile huanza kuuma. Hakuna kilichovunjika, hakuna kidonda, hakuna hata tone la damu. Bukta tulizoagizwa ziliishia magotini, na yeyote aliyetaka kulitazama goti langu aliliona wazi: zima, limepauka kwa vumbi, halina tofauti na la mwenzangu wa kushoto.

Hapo ndipo mtihani wangu ulipoanzia, wala haukuwa wa maumivu. Makambini kuna neno kutega. Mtegaji ni yule anayejifanya mgonjwa ili akwepe mazoezi, na wapo kweli, tena wana vipaji. Mwenye goti bovu na mtegaji huchechemea vilevile, husimama foleni moja asubuhi kwenda kumwona daktari, na hurudi na karatasi ileile ya ED inayowaondoa kwenye kukimbia. Wenzangu walinitania kidogo, utani wa kawaida wa hanga tulimolala. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba na mimi nilianza kujiuliza. Je, linauma kiasi hiki, au nimechoka tu? Lingeuma kama leo ingekuwa siku ya kurudi nyumbani? Usiku nililikunja na kulikunjua chini ya shuka nikitafuta ushahidi. Siku ambayo lilikuwa limetulia nilihuzunika badala ya kufurahi, kwa sababu nilihisi limenisaliti mbele ya mashahidi.

Tunasema kila siku kwamba nia anaijua Mungu. Ni maneno mepesi mpaka ufike mahali ambapo hakuna mwingine anayeijua, hata wewe mwenyewe huna hakika nayo.

Kazi niliyopewa ilikuwa jikoni, kuchambua maharage. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu nimeunyoosha mbele, ungo mapajani. Nje nilisikia kombania ikiondoka na nyimbo zake, sauti ikipungua kadiri ilivyozidi kwenda, na ilipopotea kabisa nilibaki na mlio wa maharage kwenye ungo. Afande mmoja mtu mzima aliyesimamia jiko alinitazama kwa muda, akaja.

"Kuruta, unatafuta mawe kwa macho?"

"Ndiyo, afande."

"Mawe ya huku yana rangi ya maharage. Tandaza, pitisha vidole. Lililo baridi ndilo jiwe."

Nikapitisha vidole. Kweli, jiwe lina ubaridi wake, na lina uzito usiolingana na umbo lake. Nilifanya kazi hiyo polepole, na nilishangaa kuona nikiipenda, ingawa kuipenda kulinitia aibu. Kijana wa umri ule anataka ateseke pamoja na wenzake. Kukaa kivulini wakati wao wanatambaa kwenye matope ni adhabu, na kuwaeleza haiwezekani, kwa sababu kila mmoja wao angekubali kubadilishana nawe papo hapo.

Sala nayo nilisali nikiwa nimekaa kwenye ndoo ileile. Hukumu yake naijua, na ni nyepesi: anayeweza kusimama asimame, asiyeweza akae, asiyeweza kukaa alale ubavu. Mtume alimwambia hivyo Imran bin Husayn, aliyekuwa akisumbuliwa na bawasiri. Huwa napenda kwamba kanuni kubwa namna hiyo imetufikia kupitia maradhi ambayo watu huona haya kuyataja. Kwa aliyekaa, rukuu ni kuinama kidogo, na sujudi ni kuinama zaidi ya pale. Basi. Paji la uso linabaki hewani. Kwa wiki nyingi nilihisi sala yangu ina deni, kana kwamba nimeleta nusu ya nilichotakiwa kuleta.

Sura ya Al-Fath inazungumzia watu wanaoitwa vitani, kisha inawataja watatu wasiolaumiwa wakibaki: kipofu, kiguru na mgonjwa. Aya hiyo nilikuwa nimeisoma mara nyingi kama jambo la watu wengine. Kambini niliisoma kama barua yenye jina langu, na bado sikutaka kuifungua. Maumivu niliweza kuyavumilia, kwa kuwa uvumilivu una heshima yake na watu wanauona. Lakini kuambiwa huna lawama, ukakubali, ukakaa, ukachambua maharage kwa moyo mweupe, hilo lilinishinda. Nafsi yangu ingependa zaidi kupewa amri ngumu kuliko kupewa ruhusa. Nadhani kulikuwa na kiburi humo, cha aina ile inayovaa kanzu nyeupe na kuwahi msikitini.

Nilijitetea kwa Amr bin al-Jamuh. Huyu alikuwa kiguru, mwenye wana wanne waliokuwa wakipigana pamoja na Mtume, nao walimzuia asiende vita vya Uhud. Akaenda kushtaki. Mtume akamwambia kwamba Mungu amempa udhuru, hana wajibu. Kisha akawageukia wanawe akawaambia wamwache. Akaenda na kiguru chake, na huko akafa shahidi. Nilikirudia kisa hiki nikitafuta kibali cha kurudi mbioni kabla ya wakati. Lakini kila nilipokirudia nilikwama palepale: udhuru ulitajwa kwanza. Mzee yule aliambiwa usoni kwamba amesamehewa, na ndipo akaruhusiwa kwenda. Tena ile ilikuwa Uhud. Yangu yalikuwa mazoezi ya kukimbia kuzunguka kambi, na hakuna adui aliyekuwa akingoja goti langu.

Baadaye daktari aliniandikia mazoezi ya paja: kukaza msuli mguu ukiwa umenyooka, kuuinua, kuushusha taratibu, kurudia. Niliyafanya sakafuni baada ya sala ya Isha. Goti likaanza kurudi, kwa mpangilio wake lenyewe. Lilikubali kupanda kwanza. Nikarudi kwenye gwaride, nikawekwa safu ya nyuma, nikawa napiga mguu chini bila kishindo huku afande akijifanya haoni. Kupiga goti sakafuni bado hakukuwezekana, kwa sababu pale uzito huegemea kwenye goti lenyewe. Hivyo kwa siku kadhaa asubuhi nilipiga kwata nikiwa nimesimama, na adhuhuri nikasali nimekaa. Nilimweleza hilo kuruta mwenzangu aliyekuwa akituswalisha, nikitarajia aniambie kitu kizito. Alicheka, akasema jeshi limewahi kulipata, Mungu ana subira, halafu akaniomba nimsogezee ndoo yangu akae.